Kutwa Mara Tatu: Uchambuzi wa Kisa cha Bahasha Moja ya Dawa

Kisa ninachokichambua hapa kinahusu bahasha ya dawa, ile ndogo ya karatasi ambayo mtoa dawa huandika maelezo juu yake kwa kalamu, akatia vidonge ndani, kisha akamkabidhi mgonjwa. Niliisanifu upya nilipokuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya usanifu wa michoro jijini Dar es Salaam, ikiwa ndiyo kazi yangu ya kuhitimu, na katika muda wa miezi minne niliichora na kuitupa mara tatu kabla ya kufikia ya nne, ambayo ndiyo niliyothubutu kuikabidhi. Nakieleza kisa chote, pamoja na yale niliyoyakosea, kwa sababu ndani yake nilikua kuliko katika somo lolote nililofundishwa darasani, na kukua kwenyewe hakukuwa kwa ustadi wa mkono. Mkono ulikuwa umekwisha kuizoea kazi. Nilijua kupanga herufi, kuchagua rangi na kugawa nafasi kwenye ukurasa. Kilichobadilika ni mahali ninapoanzia.

Chanzo ni bibi yangu mzaa mama, ambaye tunaishi naye Mbagala. Ana presha na kisukari, na dawa zake zote huzihifadhi katika kopo la biskuti lililo juu ya kabati. Hasomi yaliyoandikwa kwenye bahasha. Kila dawa anaijua kwa sura yake: kile kirefu cheupe ni cha sukari na humezwa baada ya chakula, kile kidogo cha manjano ni cha presha na humezwa asubuhi. Siku moja alipewa amlodipini, dawa yake ileile ya presha, iliyotoka kiwanda kingine, na kidonge cha kiwanda hicho kilikuwa kidogo vilevile lakini cheupe. Dawa ilikuwa ileile na nguvu yake ileile, ila kwa bibi ilikuwa dawa mpya, kwa hiyo akaendelea kumeza vya manjano vilivyobaki huku akiongeza na cheupe, siku nne mfululizo, mpaka alfajiri moja alipoinuka kitandani akaona chumba kinazunguka na kuanguka karibu na mlango. Tulipozichukua bahasha zote mbili tulikuta jina la dawa limeandikwa juu ya kila moja kwa mwandiko wa haraka, na chini yake alama "1x1", yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku. Hakuna aliyefanya uzembe. Mtoa dawa aliandika jina sahihi na kipimo sahihi, na bibi alifuata alama pekee aliyokuwa ameizoea kwa miaka, yaani rangi ya kidonge. Bahasha ilikuwa katikati yao na haikumfaa hata mmoja.

Nilipopeleka pendekezo la kazi hii chuoni nilimtaja Deborah Adler, aliyekuwa mwanafunzi wa usanifu katika School of Visual Arts jijini New York, na ambaye bibi yake alimeza kwa makosa dawa ya babu yake. Adler aliifanya chupa ya dawa kuwa kazi yake ya shahada ya uzamili mwaka 2002, na mwaka 2005 kampuni ya maduka ya Target ikaanza kuitumia katika famasi zake: chupa iliyo bapa ili maandishi yasomeke bila kuizungusha, jina la dawa juu kwa herufi kubwa, na pete ya rangi shingoni, kila mtu wa nyumba na rangi yake. Nilikisoma kisa hicho mara nyingi, lakini nilikisoma juujuu. Niliona umbo zuri lililozaliwa na msiba mdogo wa nyumbani, nikajiambia kwamba msiba wa nyumbani ninao, basi kilichobaki ni umbo zuri. Sikujiuliza kwamba chupa ile ilikusudiwa kwa watu wanaopewa karatasi iliyochapwa na mashine, ilhali bibi yangu hupewa bahasha inayoandikwa kwa mkono na mtu aliyesimama, foleni ikiwa mbele yake.

Bahasha ya kwanza niliichora kwa siku sita na niliipenda. Niliichapisha kwenye karatasi nyeupe yenye mng'aro, herufi nyembamba za kijivu, nafasi kubwa tupu pembeni, na badala ya maneno niliweka michoro minne: jua linalochomoza, jua la utosini, mwezi mwandamo, na sahani yenye uma na kisu. Darasani tulikuwa tumesoma habari za Isotype, mfumo wa michoro ulioasisiwa Vienna katika miaka ya 1920 na Otto Neurath akishirikiana na Marie Neurath na mchoraji Gerd Arntz, uliokusudia kuwafikishia watu maarifa bila kutegemea lugha zao. Nilikuwa nimeishika imani hiyo kwa moyo wote: maneno yana mipaka, mchoro hauna. Mhadhiri aliyenisimamia aliigeuza bahasha mkononi, akaitazama nyuma na mbele, kisha akauliza swali moja tu: "Umemwuliza nani?" Nilimjibu kwamba nimewaonyesha wenzangu darasani na wote wameielewa. Hakunijibu. Aliirudisha mezani na kunitaka nirudi baada ya wiki mbili, bila mchoro wowote mpya.

Agizo hilo liliniumiza, na naliandika wazi kwa sababu naamini wanafunzi wengi wa fani hii hulijua umivu hilo. Kwa mwanafunzi wa usanifu, kukatazwa kuchora ni sawa na kuambiwa usifanye kazi. Miaka mitatu nilikuwa nimepimwa kwa wingi na uzuri wa nilichokitoa, na sasa nilitakiwa nikae wiki mbili mikono mitupu.

Nilikwenda katika duka moja la dawa muhimu pembezoni mwa jiji. Maduka ya aina hii yalianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, kwa lengo la kuwapatia watu walio mbali na famasi dawa za msingi kutoka kwa mtoa dawa aliyepata mafunzo, na leo kwa familia nyingi ndiyo mlango wa kwanza wa kubisha mtu anapougua. Nilimwamkia mama aliyekuwa akihudumu, nikamweleza shida yangu, naye akanikubalia nikae kwenye benchi la pembeni ilimradi nisimzuie mteja. Saa ya kwanza ilitosha kuivunja bahasha yangu. Aliijaribu kwa kalamu ya wino wa kawaida, na wino ukateleza juu ya mng'aro ukampaka kidoleni. Akaipeleka chini ya taa, akaisogeza mbali na macho, akasema kwa upole, "Mwanangu, hii yako haitaki kuandikwa." Kisha akanionyesha kwa kidole watu waliokuwa wakisubiri. Kila mmoja alihitaji bahasha mbili au tatu, na muda wa kuijaza kila moja haukuzidi kumeza mate mara chache. Nilikuwa nimechora karatasi ya kutazamwa, wakati yeye alihitaji karatasi ya kuandikia.

Michoro nayo ilianguka, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Kwa siku zilizofuata niliwaomba ndugu, majirani na wateja waliokubali, watu tisa kwa jumla, wanieleze wangefanya nini wakipewa bahasha ile. Jua linalochomoza na jua linalotua ni mchoro mmoja; hakuna ukungu wa asubuhi wala adhana ya magharibi kwenye karatasi wa kumwambia mtu lipi ni lipi. Sahani yenye uma na kisu ilionekana kuwa ya hotelini, na mama mmoja aliyeiona tupu aliielewa kuwa asile kitu. Mwezi ulinishtua kuliko vyote. Kijana mmoja aliuona mwezi mwandamo akafikiri ni dawa ya wakati wa mfungo, na jirani yetu, mwanamke makini aliyemaliza shule ya msingi, alisema bila kusita kwamba dawa hii ni ya mwezi mzima. Katika lugha yetu neno ni hilohilo, mwezi wa angani na mwezi wa siku thelathini, nami nilikuwa nimelichora bila kulisikia.

Baadaye niligundua kwamba waasisi wa Isotype wenyewe walilikuta jambo hili. Marie Neurath alipofanya kazi kwa ajili ya serikali ya Nigeria ya Magharibi katika miaka ya 1950, ilimbidi abadili alama zilizozoeleka Ulaya ili zilingane na maisha ya wasomaji wake wapya. Na nchini Afrika Kusini, Ros Dowse na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rhodes walichukua michoro ya maelezo ya dawa iliyotengenezwa Marekani, wakailinganisha na ile waliyoichora wao kwa kuwashirikisha watu wa huko, na ile ya kwao ikaeleweka vizuri zaidi. Haya yote yalikuwa yameandikwa tangu zamani. Ningeweza kuyasoma kabla ya kuchora, lakini nilikuwa nimechukua katika somo lile sehemu iliyoniruhusu kuanza upesi.

Kuna kosa jingine la wiki zile ambalo halikuwa la karatasi. Watu wa kwanza niliwauliza, "Umeelewa?" na wote wakanijibu ndiyo. Ningewezaje kutarajia jibu tofauti? Mtu mzima akiulizwa na kijana aliyebeba daftari kama ameelewa, heshima yake iko hatarini, na vilevile hataki kumvunja moyo mtoto wa mwenzake. Yule mama wa duka ndiye aliyenisahihisha. Yeye huwaambia wateja wake, "Ukifika nyumbani, mgonjwa utamwambiaje?" Kwa swali hilo anayepimwa si mteja bali ni maelezo, na kosa likitokea hakuna anayeaibika. Tangu siku hiyo nililiacha neno "umeelewa" katika kazi yangu.

Michoro ilipoondoka yalibaki maneno, na hapa ndipo penye kiini cha kisa. Juu ya bahasha nyingi nchini utakuta "1x3". Kwa aliyefundishwa, maana yake ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Kwa aliyetoka kumsaidia mtoto hesabu za kuzidisha, maana yake inaweza kuwa vidonge vitatu. Kwa mdomo alama hiyo husemwa "kidonge kimoja kutwa mara tatu", na maneno haya yamekaa katika masikio ya Waswahili kiasi kwamba hatuyachunguzi tena. Lakini kutwa ni nini? Ni mchana tangu kucha hadi kuchwa. Ndiyo maana anayetaka kusema usiku na mchana husema kutwa kucha. Mgonjwa anayemeza amoksilini, dawa ya kuua bakteria, asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni ametii neno kwa uaminifu kamili, kisha mwili wake unakaa saa kumi na mbili za usiku bila dawa, wakati dozi hiyo ilikusudiwa igawanywe kwa usawa ndani ya siku nzima.

Katika bahasha ya pili nilijaribu kulitatua hilo kwa kuchapa "kila baada ya masaa 8". Kabla ya kuipeleka dukani niliipitisha kwa rafiki anayesomea ualimu wa Kiswahili, naye, kwa haki kabisa, akanikumbusha kwamba saa haina wingi wa ma-. Nami nililijua hilo tangu sekondari, na niliona aibu. Nikasahihisha: "kila baada ya saa 8". Bahasha ya tatu ikatoka ikiwa safi kisarufi, kwenye karatasi isiyong'aa, herufi nyeusi zenye ukubwa wa pointi 12, na nikaamini kwamba nimefika.

Nilimwomba baba mmoja wa mtaani kwetu achukulie kwamba ameugua malaria na kupewa dawa mseto. Nilichagua mseto kwa sababu mpangilio wake unahitaji uangalifu: mtu mzima humeza vidonge 24 kwa siku tatu, vinne kila mara, na dozi ya pili hufuata saa nane baada ya ya kwanza, ndipo zinazofuata zinakuwa asubuhi na jioni. Nikamwambia kwamba dozi ya kwanza ameimeza palepale dukani, saa 10 jioni. "Ukifika nyumbani, mzee, utaendeleaje?" Aliisoma bahasha kwa sauti, pole pole, bila kukosea hata herufi: kila baada ya saa nane. Kisha akajibu, "Basi kesho, ikishapita saa nane mchana, nikishakula, nameza vinne vingine."

Muda wa saa nane ulikuwa umegeuka kuwa saa ishirini na mbili, na sababu ilikuwa sahihisho langu. Mtu anaposema "masaa nane" mtaani anamaanisha urefu wa muda, na anaposema "saa nane" anamaanisha wakati ambao mshale unaonyesha. Wazungumzaji wamejitengenezea tofauti hiyo kwa sababu wanaihitaji, na sarufi ya darasani inaifuta. Sisemi kwamba kanuni ya shule ifutwe, na mwenyewe naandika "saa" katika makala haya. Lakini juu ya bahasha ile, usanifu wa sentensi yangu ulikuwa umeweka unadhifu wa lugha mbele ya mgonjwa, kama vile usanifu wa bahasha ya kwanza ulivyoweka unadhifu wa ukurasa. Lilikuwa kosa moja, nimelirudia katika vazi jingine, na kuligundua kuwa ni lilelile ndiko ninakokuita kukua. Mpaka hapo nilidhani nina kasoro nyingi ndogo ndogo za kurekebisha moja moja. Kumbe kila nilipoona mahali pa kujionyesha kuwa najua, nilipakimbilia, na mtu wa kulipa gharama alikuwa mwingine.

Suluhisho lilitoka kwa mama wa duka tena, nilipomsimulia. Alishangaa kwamba nilitaka mgonjwa mwenye homa afanye hesabu ya kujumlisha saa. "Mimi ndiye mzima," alisema, "hesabu nifanye mimi." Kwa hiyo bahasha ya nne haina kabisa neno la muda wa katikati. Ina mistari minne iliyochapwa ASUBUHI, MCHANA, JIONI na USIKU, na mbele ya kila neno kuna nafasi ya kuandika saa na miduara inayotiwa wino: mduara mmoja uliojazwa ni kidonge kimoja, nusu iliyojazwa ni nusu kidonge. Amoksilini inakuwa saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku, kwa saa zetu, kama mtu anavyozitaja kinywani. Yule baba wa mseto angeandikiwa saa 6 usiku, na hapangekuwa na cha kukisia.

Nafasi ile tupu ya saa ilifaa kwa jambo ambalo sikulitazamia. Mwezi wa Ramadhani ulianza nikiwa kwenye majaribio, na nikaona mtoa dawa akiwauliza wateja wake kama wanafunga, na palipowezekana akipanga saa zao kuzunguka futari na daku, au akimrudisha mtu kwa daktari pale dawa isipokubali kuhamishwa. Laiti ningechapa saa maalumu, kama nilivyotamani kwa ajili ya mpangilio, bahasha yangu isingefaa kwa mwezi mzima katika jiji kama hili.

Mengine nayapitia kwa ufupi. Karatasi ni ya kawaida ya gramu 80, kwa wino mweusi peke yake, kwa sababu kila rangi inayoongezwa huongeza gharama kiwandani na duka dogo haliwezi kuibeba. Nembo ya duka imeshushwa nyuma. Nafasi za kujaza zilikuwa nyingi zaidi katika jaribio la kwanza la muundo huu, zikapungua baada ya kusimama pembeni ya foleni ya jioni. Na kwa ajili ya bibi kuna mstari mmoja ambao siuoni kuwa wa hiari: "Dawa hii ni ya", ambapo mtoa dawa huandika presha, sukari, malaria au kifua, kwa herufi kubwa, juu ya jina la dawa lenyewe. Hata asiyesoma jina la kitaalamu, mjukuu aliye darasa la tatu atamsomea neno hilo, na bahasha mbili zilizoandikwa PRESHA zikikutana katika kopo moja, kuna mtu nyumbani atakayeuliza.

Siku ya kuwasilisha, mmoja wa watahini alisema kazi hii haionyeshi usanifu, kwamba angeweza kuitengeneza karani yeyote kwenye kompyuta. Sikukubaliana naye wakati ule na sikubaliani naye sasa, lakini namwelewa, kwa kuwa mwaka mmoja kabla ningesema maneno yaleyale kuhusu kazi ya mwenzangu. Sikujitetea kwa kuzungumzia herufi. Nilimpa bahasha ya kwanza na ya nne pamoja na kalamu, nikamwomba aziandikie zote mbili dozi ya mseto kwa mgonjwa aliyeanza saa 10 jioni. Wino wa ile ya kwanza ulimpaka mkononi.

Bahasha inatumika katika duka lile moja, kwa kadiri ya fedha nilizopata za kuchapisha, na haijaisha. Dawa za maji za watoto zimebaki nje ya muundo wangu. Kijiko cha chai kinachokusudiwa na maelezo ya dawa ni mililita 5, na cha chakula ni mililita 15, ilhali jikoni kwetu peke yake nimekuta vijiko vitano vinavyoitwa vya chai na hakuna viwili vinavyolingana. Nimenunua bomba la sindano lisilo na sindano ili nipimie, na kila Jumamosi napita nyumba moja baada ya nyingine mtaani, naomba kijiko ambacho mama hutumia kumnywesha mtoto dawa, nakijaza maji, naandika kipimo chake daftarini. Sijachora kitu bado.